Sakulenti Yako Inadedi? Wacha Maji, Cheki Mizizi Kwanza

Wasee wengi siku hizi wanapamba keja na sakulenti: alovera kwa dirisha, jedi juu ya meza, zingine kwa ngazi ya ploti. Ni mimea ya majani manono, inajiwekea maji ndani, so haisumbui. Shida ni moja. Ikianza kulegea, mtu anakimbilia kuongeza maji, na hapo ndio anaimaliza. Mara nyingi noma iko chini, kwa mizizi, na dawa ni kuihamisha chungu.

Utajuaje time imefika?

Mizizi inachungulia kwa mashimo ya chini. Mmea umekuwa mzito juu, unataka kuanguka. Wiki imeisha tangu umwagilie na udongo bado umelowa. Ama tu imekaa hapo miaka miwili bila kuguswa.

Ihamishe lini?

Kutoka Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi, mmea unalala na vidonda vya mizizi vinakauka polepole. Ngoja Septemba, kabla mvua ya Oktoba, ama Januari na Februari jua likiwaka. Lakini kama mizizi imeanza kuoza, usingoje msimu. Itoe leo.

Usitumie udongo wa shamba peke yake

Huu udongo mwekundu wa Waithaka ni mtamu kwa sukuma na viazi, lakini kwa sakulenti ni mtego. Chembe zake ni ndogo sana, unashika maji, halafu kwa mkebe unashikana kama tofali. Changanya sehemu moja ya udongo, moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na moja ya kokoto ndogo. Ukipata yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Longonot, hata fiti zaidi. Lowesha kidogo, finya kwa mkono. Ikibaki tonge kama ugali, ongeza mchanga.

Sasa fanya hivi

1. Wacha kumwagilia siku kadhaa ili udongo ukauke.
2. Lalisha chungu, gonga kando, toa mmea ukishika chini. Usivute majani.
3. Kung'uta udongo wa zamani. Mizizi mizima ni migumu. Ile nyeusi inayoteleza, kata na kisu safi.
4. Kama umekata, wacha mmea kivulini siku mbili tatu vidonda vikauke.
5. Tafuta chungu kilichozidi cha kwanza sentimita mbili tatu tu. Kikubwa sana kinabaki na maji ambayo mizizi haiwezi maliza. Mkebe wa rangi ulioosha poa ni sawa, bora utoboe mashimo chini.
6. Panda, halafu ngoja kama wiki moja ndio umwagilie. Iweke mahali pa mwanga, jua kali baadaye.

Chunga: kama yako inatoa utomvu mweupe ukiikata, hiyo ni jamii ya yuforbia. Vaa glavu na usiguse macho, utomvu huo unachoma vibaya.

Ukihamisha alovera, utapata vitoto pembeni vyenye mizizi yao. Vitenganishe, kila kimoja mkebe wake. Uliingia na mmea mmoja, unatoka na nne: moja ya mathe, moja ya jirani, na zingine unaweza uza mtaani upate doo ya chungu kipya.