Magnum Ikikatwa Mtutu, Baruti Huenda Wapi?

Uwindaji wa kitalii nchini Uganda ulipigwa marufuku mwaka 1979, ukarudi kwa majaribio mwaka 2001 kwenye ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo, kisha ukaenea hadi Karamoja na kwingineko. Unasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori (UWA), yenye makao makuu Barabara ya Kira, Kamwokya, jirani na Makumbusho ya Uganda. Ukiendelea na barabara hiyo kidogo tu unafika Bukoto, ninakoishi. Ndiyo maana mtaani kwetu hawakosekani watu wanaozijua bunduki za kuwindia: madereva wa safari, wafuatiliaji nyayo, askari wastaafu wa wanyamapori. Swali lao miaka hii ni moja. Mbona bunduki za wageni zinazidi kuwa fupi, na je, magnum ikipunguzwa mtutu inabaki magnum?

Tuanze na kinachotokea ndani ya chuma. Risasi ya magnum ina ganda kubwa kuliko kawaida ya kaliba yake, hivyo hubeba baruti nyingi, na baruti hiyo ni ya aina inayoungua polepole. Pini ikigonga fataki, baruti hushika moto na kugeuka gesi. Shinikizo hupanda ghafla na kufika kileleni wakati kichwa cha risasi kimesogea sentimita chache tu. Kwa .375 Holland & Holland, risasi iliyozaliwa Uingereza mwaka 1912 na kuzoeleka kote Afrika Mashariki, kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni zaidi ya mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Baada ya kilele, shinikizo hushuka kwa sababu kadiri kichwa kinavyosonga mbele ndivyo nafasi ya gesi inavyopanuka. Ila halijaisha. Ni kama vijana wanaosukuma gari lililozimika: hata wakichoka, maadamu mikono yao bado iko kwenye gari, mwendo unaongezeka, japo kila hatua huongeza kidogo kuliko iliyotangulia. Mdomo wa mtutu ndipo mikono inapoachia. Safari nzima huchukua sehemu kama moja ya elfu ya sekunde.

Hivyo mtutu mrefu huongeza kasi, na mfupi huipunguza. Watu wengi huishia hapo. Lakini kiasi kinachopungua hutofautiana sana kati ya magnum na magnum, na sababu yake mtu anaweza kuipiga hesabu kwa kalamu.

Chukua .300 Winchester Magnum na .375 H&H. Maganda yake yana ujazo unaokaribiana mno, sentimita za ujazo 6 na kidogo kila moja. Tofauti ni tundu la mtutu: la kwanza lina kipenyo cha karibu milimita 7.8, la pili 9.5. Katika mtutu wa inchi 24, yaani sentimita 61, kichwa husafiri takriban sentimita 54 baada ya kutoka kwenye ganda. Ukizidisha eneo la tundu kwa urefu huo, ukajumlisha ujazo wa ganda, utakuta gesi ya .300 imepanuka mara 5 hivi tu inapofika mdomoni, ilhali ya .375 imepanuka zaidi ya mara 7. Gesi ya .375 imeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Ya .300 bado ina nguvu nyingi ambayo haijatumika, na ukikata mtutu unaitupa nje.

Kwa kawaida .300 Winchester Magnum hupoteza mita 8 hadi 12 kwa sekunde kwa kila inchi inayokatwa, na .375 H&H hupoteza mita 5 hadi 7. Hakuna mitutu miwili inayofanana kabisa. Hata miwili ya urefu mmoja, kutoka kiwanda kimoja, huweza kupishana kwa mita 15 au zaidi.

Sasa itazame hasara yenyewe. Kichwa cha gramu 11.7 kutoka .300 Winchester Magnum yenye mtutu wa inchi 24 hutoka kwa takriban mita 900 kwa sekunde. Kichwa kilekile kutoka .30-06 ya kawaida, yenye baruti kidogo na teke la bega dogo, hutoka kwa mita 823. Magnum imekuzidishia mita 77 hivi. Ukiikata hadi inchi 20 unarudisha karibu mita 40, nusu ya faida yote uliyoilipia. Baruti ni ileile, na teke halijapungua. Pengine limezidi, maana bunduki imekuwa nyepesi.

Je, mnyama ataiona tofauti? Kwenye mita 300, mita hizo 40 hushusha risasi kwa sentimita 2 au 3 tu za ziada, kiasi ambacho pumzi isiyotulia humpotezea mpigaji mara nyingi zaidi. Swala pala wa Mburo hupigwa karibu zaidi ya hapo. Nzohe huviziwa kwenye mafunjo, ambako mtutu mrefu hukwama kila ukigeuka. Kwa mnyama, basi, kasi hiyo iliyopotea si kitu, na hapo nakubaliana na wanaopenda mitutu mifupi.

Historia ya Karamoja yenyewe inawaunga mkono. Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo Bell, aliwinda huko mwanzoni mwa karne ya 20. Katika maisha yake aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, risasi ya milimita 7 yenye kichwa kizima cha gramu 11 kinachotoka kwa mita 700 hivi kwa sekunde. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Mauaji ya kiasi kile leo yanaumiza moyo kuyasoma, lakini kuhusu risasi alikuwa sahihi: kichwa kirefu chembamba kisichopinda, kikipelekwa mahali pake, hakihitaji kasi ya ajabu.

Ila kuna mpaka. Kampuni ya Winchester ilipotoa .458 Magnum mwaka 1956, ilitangaza kichwa cha gramu 32 kinachotoka kwa mita 649 kwa sekunde, na idara za wanyamapori za nchi nyingi za Afrika ziliipokea. Namba hiyo ilipimwa kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 26. Mikononi mwa watu kulikuwa na mitutu mifupi zaidi, na ganda lenyewe lilikuwa fupi mno hata baruti ikabidi ishindiliwe. Ikikaa muda mrefu iliganda mabonge na kuungua vibaya. Risasi zilizopimwa porini zilionekana kutoka kwa mita 600 au chini yake. Kwa mita 649 nguvu ya kichwa hicho ni joule 6,800 hivi, na kwa mita 600 hushuka hadi karibu 5,800. Mbele ya nyati anayekuja, pungufu hilo ni suala la uhai. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, ndiye aliyekuja kubuni .458 Lott mwaka 1971, yenye ganda refu zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya bunduki hayalisemi kabisa. Gesi isiyofanya kazi ndani ya mtutu hutokea mdomoni kama moto na kishindo. Bunduki ya magnum hutoa kishindo cha desibeli 160 na zaidi, na desibeli 140 zatosha kuumiza sikio papo hapo. Mtutu ukifupishwa, gesi hutoka ikiwa na shinikizo kubwa zaidi, na mdomo wenyewe umerudi nyuma, karibu na nyuso za watu. Ukiongeza kile kifaa chenye matundu kinachopunguza teke, kishindo hutupwa pembeni. Ulaya na New Zealand wengi hufupisha mitutu ili wafunge kiwambo cha kupunguza sauti, na hilo lina mantiki. Kuufupisha na kuuacha wazi ni jambo jingine.

Mzee mmoja jirani yangu hapa Bukoto, aliyesindikiza wawindaji kwa miaka mingi, huzungumza nami akiwa amegeuza sikio la kushoto.

"Mwalimu, hizo fupi zikilia, hata nyasi hulala," aliniambia.

"Mzee, wewe ulikuwa unasimama wapi?"

"Kushoto kwa mgeni, mbele kidogo, nimwoneshe mnyama."

Kwa hiyo sikio lake la kulia lilikuwa sambamba na mdomo wa mtutu. Mgeni alikuwa na viziba masikio. Yeye hakupewa. Mimi jambo hili linanikera kuliko hesabu zote za kasi, kwa sababu kinga hiyo ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na gharama ya safari moja ya kuwinda.

Anayetaka kujua mtutu wake una urefu gani asipime kwa macho. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, funga bolti, ingiza ufito wa kusafishia kutokea mdomoni hadi ugote, weka alama, utoe na upime. Halafu soma kwenye karatasi za mtengenezaji wa risasi ni mtutu wa urefu gani uliotumika kupata kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi ni inchi 24 au 26. Njia bora zaidi ni kufyatua juu ya kipima kasi, mita tatu hivi mbele ya mdomo, kwa risasi zilezile utakazokwenda nazo porini. Zisiwe zimeokwa juani kwenye gari, maana joto hupandisha shinikizo na kukupa namba ya uongo.

Na kwa wanaoniuliza waagize nini: ukitaka .300 Magnum, iache na inchi 24 au 26 zake. Bunduki ya .375 inavumilia inchi 22 bila shida. Ukiwa umeamua kabisa kubeba mtutu wa inchi 20 kwenye mafunjo, chukua .308 Winchester, ambayo kwa baruti yake kidogo hupoteza mita 6 hivi tu kwa kila inchi, na ununue jozi mbili za viziba masikio.