Uzuri wa uwanja hauko kwenye nyasi

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi, kwa faida ya wanafunzi wasioujua, ni kijaluba cha mti kilichotiwa rangi na nakshi, nacho hupendeza macho hadi siku kinapoloa. Methali hiyo ilinijia miaka michache iliyopita nikiwa nimesimama katika uwanja wa shule moja jijini Nairobi, maji yakiwa yamenifika kwenye vifundo vya miguu.

Uwanja huo ulikuwa umetandikwa nyasi bandia kwa fedha walizochanga wazazi kwa mihula sita. Siku ya kuufungua tulipiga makofi na kupigwa picha. Kabla ya masika kwisha, zulia lile la kijani lilikuwa limegeuka dimbwi. Kiangazi kilipoingia, likafanya matuta na mabonde. Msichana mmoja aliyekuwa akikimbilia mpira aliingiza mguu katika bonde asiloliona, akavunjika kifundo.

Sisemi haya ili nimlaumu mwanakandarasi peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wanakamati waliopitisha mkataba. Nilipoutafuta na kuusoma upya, niliona haya. Kurasa tatu zilieleza habari za zulia: rangi yake, urefu wa nyuzi zake na miaka ya dhamana yake. Sakafu ya kulilaza zulia hilo ilipewa sentensi moja tu, kwamba eneo litasawazishwa na kutayarishwa ipasavyo. Mtu ambaye huwakata wanafunzi wake alama kwa kutumia neno "ipasavyo" pasipo kueleza lipi lipasalo, aliipitisha sentensi hiyo bila kuuliza swali.

Zulia lilipofunuliwa, tulikuta vumbi la mawe unene wa vidole viwili, na chini yake udongo mweusi unaonata. Mwashi mmoja mkongwe aliyekuwapo alitikisa kichwa.

"Mwalimu, mlinunua jamvi mkasahau sakafu," aliniambia.

"Mzee wangu, tungejuaje nasi si mafundi?"

"Mngehesabu malori ya kokoto yaliyoingia langoni."

Jibu hilo lilinipeleka kusoma mambo ambayo ningalipaswa kuyasoma kabla ya kutia sahihi. Nyasi bandia, kumbe, zilianzia shuleni. Uwanja mkubwa wa kwanza wa aina hiyo ulitandikwa mwaka 1964 katika shule ya Moses Brown, mjini Providence, Marekani. Mwaka 1966 zikatandikwa katika uwanja uliofunikwa paa wa Astrodome, mjini Houston, na ni huko zilikopatia sifa. Mwaka 1976 mpira wa magongo wa Olimpiki ulichezwa juu yake kwa mara ya kwanza, mjini Montreal. Tangu hapo, macho ya watu yamekuwa juu, kwenye rangi ya kijani. Mhandisi, kwa upande wake, huanzia chini.

La kwanza analolitazama ni udongo wenyewe. Ule mweusi unaoenea katika nyanda za mashariki ya Nairobi hadi Athi huvimba ukinywa maji, na hunywea na kupasuka nyufa ukikauka. Zulia lililolazwa juu yake litapanda na kushuka pamoja nao mwaka hata mwaka. Dawa ni kuuchimba na kuutupa, au kuuchanganya na chokaa ili utulie. Juu ya udongo huo hutandikwa kitambaa maalumu, ambacho wahandisi hukiita jiotekstaili. Kitambaa hicho hupitisha maji lakini huzuia tope lisipande na kuziba mawe.

Kisha huja kokoto, na hapa ndipo kwenye moyo wa kazi. Yatakiwa mawe yaliyovunjwa, yenye kingo kali zinazoshikana, wala si vijiwe vya mtoni vilivyo mviringo, maana hivyo huteleza na kubingirika. Makubwa hukaa chini na madogo juu. Vumbi likizidi, mianya huziba na maji hukosa njia. Vumbi likikosekana kabisa, uso wa juu hautulii. Uso huo nao hupimwa kwa rula ya mita 3, na bonde litakaloonekana chini ya rula hiyo lisizidi milimita 10 hivi. Zulia halifichi bonde. Hulifuata tu kama nguo ifuatavyo mwili.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi anaiweza. Uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa mita 68 una eneo la mita 7,140 za mraba. Mvua ya milimita 25 huuangushia lita 178,500 za maji, yaani mitungi 8,925 ya lita 20. Maji hayo yataelekea wapi? Ndiyo sababu sakafu hupewa mwinamo mdogo, aghalabu nusu ya asilimia. Kutoka mstari wa katikati hadi ukingoni ni mita 34, kwa hiyo sakafu hushuka sentimita 17 tu. Mchezaji hauhisi mwinamo huo, bali maji huutii. Pembezoni huzikwa mabomba yenye matundu ya kuyapokea na kuyatoa nje.

Na kokoto je? Tabaka la sentimita 15 kwa eneo hilo lataka mita 1,071 za ujazo. Lori libebalo mita 7 za ujazo litakwenda safari 153, hata kabla ya kuhesabu mawe yatakayoongezwa kwa kuwa kokoto hupungua unene ikishindiliwa. Uwanja wetu ulikuwa mdogo kuliko huo, lakini mlinzi wa lango alikumbuka malori tisa. Laiti tungalimwuliza!

Nimelitaja neno kushindilia, nami kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nitaomba radhi nikae hapo kidogo. Umbo la kitenzi hiki lafanana na shikilia na tupilia, ambavyo vimetokana na shika na tupa. Mnyambuliko wa namna hiyo aghalabu huonyesha kutenda kwa nguvu, kwa kurudia, hadi jambo likamilike. Wahandisi nao wasema vivyo hivyo kwa vipimo vyao. Mwaka 1933 Ralph Proctor, mhandisi wa California, alionyesha kwamba udongo una kiasi chake cha unyevu ambacho ukishindiliwa nacho hushikamana kuliko vyote. Ukiwa mkavu mno haushikani, na ukiwa na maji mno haushindiliki vyema. Tena haufai kumwagwa wote na kupitishiwa rola mara moja. Hutandazwa tabaka baada ya tabaka, na kila moja hushindiliwa kabla ya jingine kufuata.

Jambo hili si geni kwetu. Waashi wa Lamu na Zanzibar walijenga dari kwa boriti za mikoko, vipande vya matumbawe na chokaa, kisha watu wakazitwanga kwa vigongo siku kadhaa, huku wakiimba. Walijua kwamba dari isiyotwangwa huvuja. Maneno kokoto, chokaa, boriti na kushindilia yangalipo, na fundi wa leo anayajua. Mkataba wetu ndio ulioandikwa kwa lugha ambayo mwashi hakuisoma, mlinzi hakuionyeshwa, nasi tulioijua hatukuisoma kwa makini. Ningependa kila shule inayojenga kwa fedha za wazazi iandikiwe mkataba kwa Kiswahili pia, ubandikwe langoni, ueleze unene wa kila tabaka na idadi ya malori.

Walimu wenzangu, msiogope kuuliza. Kabla zulia halijatandikwa, chukueni bomba pana, fupi, lililo wazi pande zote mbili, mlikandamize juu ya sakafu ile na kuziba ukingo wake kwa udongo wa mfinyanzi. Mimineni maji, kisha wanafunzi wahesabu dakika hadi yaishe. Rudieni mahali kumi. Hilo ni somo la sayansi na hisabati, na ni ukaguzi wa fedha za umma pia. Zulia likichakaa hubadilishwa, lakini sakafu iliyojengwa vyema hungoja zulia la pili na la tatu.

Msichana yule alipona, ingawa alikosa mashindano ya mwaka ule. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza, "Mwalimu, kwani hamkuangalia chini?" Nilikosa la kumjibu.