Mkoba wa kiunoni wa bastola

Mkoba wa kiunoni wa bastola ni kibegi chenye mkanda, kinachofungwa kiunoni au kupitishwa kifuani, ambacho ndani yake kuna sehemu maalumu ya kubebea bastola bila watu kuiona. Hutumika hasa nchini Marekani, ambako raia wanaruhusiwa kubeba silaha iliyofichwa kwa masharti yanayotofautiana kati ya jimbo na jimbo. Kwa nje hufanana na mikoba ya kawaida ya kuwekea simu, funguo na fedha.

Historia

Mikoba ya kiunoni ilienea Marekani katika miaka ya 1980. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumpa kibali cha kubeba silaha iliyofichwa kila mwombaji aliyetimiza masharti, na majimbo mengi yalifuata baadaye. Mkoba huu uliwafaa wakimbiaji, wapanda baiskeli na watu wanaovaa nguo nyepesi wakati wa joto, kwa kuwa nguo za namna hiyo haziwezi kuficha bastola.

Muundo

Mkoba mzuri huwa na chumba cha bastola peke yake, kilichotengwa na mifuko mingine. Ndani yake hukaa ala, yaani kifuko kigumu kinachoishika bastola isizunguke na kufunika kifyatulio (sehemu inayovutwa kwa kidole ili risasi itoke).

Hatari na usalama

Hatari ya kwanza ni kifyatulio kilicho wazi. Bastola nyingi za kisasa hazina kizuizi cha usalama kinachosogezwa kwa kidole gumba. Zikikaa mkobani bila ala, ufunguo, kalamu au kamba inaweza kuingia penye kifyatulio na kukivuta. Mwaka 2008 mchezaji wa futiboli ya Marekani Plaxico Burress alijipiga risasi pajani kwa bahati mbaya katika klabu mjini New York. Bastola aliichomeka kiunoni bila ala. Kwa kuwa hakuwa na kibali cha jimbo hilo, alifungwa jela. Kwa sababu hiyo bastola hutiwa kwanza katika ala mahali ambapo mbebaji anaona anachofanya, kisha vyote viwili huingizwa mkobani pamoja.

Hatari ya pili ni mwelekeo wa mtutu. Mkoba ukivaliwa mbele, mara nyingi mtutu huelekea ubavuni, yaani upande wa mtu aliyesimama au kuketi jirani. Aidha, mkono unaofungua zipu unaweza kupita mbele ya mtutu wakati bastola inatolewa. Wakufunzi huagiza zoezi hilo lifanywe mara nyingi kwa bastola isiyo na risasi, baada ya kuikagua.

Hatari ya tatu ni kuuvua mkoba. Bastola iliyo mwilini hulindwa na mbebaji mwenyewe, lakini mkoba ulioachwa kitini, garini au chooni unaweza kufunguliwa na yeyote. Mnamo Desemba 2014, katika duka moja mjini Hayden, Idaho, mtoto wa miaka 2 alitoa bastola katika mkoba wa mkononi wa mama yake na kumpiga risasi akafa. Mkoba huo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya kubebea silaha. Nyumbani, bastola hutolewa mkobani na kufungiwa katika kasha lenye kufuli.

Sheria

Mnamo Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Bruen, kwamba katiba inalinda haki ya kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujilinda. Zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali kwa watu wazima wasiozuiwa na sheria, mengine yanakidai. Hata hivyo, silaha hukatazwa katika majengo ya serikali kuu na katika shule nyingi.

Katika viwanja vya ndege, abiria haruhusiwi kupita kwenye ukaguzi akiwa na bastola, hata akiwa na kibali. Mwaka 2023 wakaguzi walikamata silaha 6,737, nyingi zikiwa na risasi ndani. Wenye silaha wengi hudai kwamba walisahau kuwa zimo mizigoni mwao. Kwa hiyo mbebaji hushauriwa kutotumia mkoba wa bastola kwa safari na shughuli nyingine za kawaida.