Mtoto Anatapika Kijani? Usingoje Kesho!

Sikia, kijana. Msimu wa mpunga hapa Msangano, mama anashinda shambani na mdogo wako anabaki na wewe. Akianza kulia na kutapika, jirani atakwambia, "Huo ni mchango tu, mchemshie mizizi." Ngoja kwanza! Huenda utumbo wake umeziba, na mizizi haiwezi kuuzibua.

Utumbo unazibaje?

Wapo watoto wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa, au sehemu ya utumbo ikiwa imeziba. Wengine utumbo hujisokota au hunaswa kwenye ngiri. Kwa mtoto wa miezi 3 hadi mwaka 1, mara nyingi kipande cha utumbo huingia ndani ya kipande kingine, kama antena ya redio inavyoingia unapoifunga. Hapo damu haipiti vizuri. Utumbo unavimba, unaanza kufa, halafu unaweza kutoboka.

Dalili ni zipi?

- Anatapika kijani. Hiyo ni nyongo.
- Tumbo limejaa na kuwa gumu.
- Hapati choo wala hajambi. Kichanga asiyetoa kile choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 24 apelekwe akapimwe.
- Analia ghafla akikunja miguu, ananyamaza, halafu anaanza tena.
- Choo kina damu na makamasi. Wengi hudhani ni kuhara damu.
- Amelegea, hataki kunyonya.

Usisubiri dalili zote zitimie. Matapishi ya kijani peke yake yanatosha kumpeleka.

Ufanye nini?

Mwite mama au mtu mzima upesi. Msimpe uji, dawa za kienyeji wala dawa ya kuzuia kuharisha. Nendeni zahanati saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mweleze nesi alianza saa ngapi, anatapika rangi gani, na alipata choo lini. Mkipewa rufaa ya Vwawa au Mbeya, msipitie nyumbani kungoja asubuhi. Kwa kichanga wa chini ya siku 28, pigeni 115 bure kuomba usafiri wa dharura.

Akiwahi, daktari anaweza kuurudisha utumbo mahali pake. Akichelewa, kipande kilichooza itabidi kikatwe, na maisha yake yako hatarini.

Na bibi akisema tusubiri kesho? Mwambie kwa heshima: "Bibi, matapishi ni ya kijani. Twende sasa hivi."