Kudumu kwa Mvuto wa Taarabu ya Tanga: Mfano wa Vikundi vya Black Star na Lucky Star

Makala haya yanafafanua kwa nini nyimbo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyovuma Tanga katika miaka ya 1960 na 1970, zingali na wasikilizaji. Inadhaniwa kuwa wazee wanakumbuka ujana wao tu. Dhana hiyo haitoshi, kwani nyimbo hizo hupendwa pia na watu waliozaliwa baadaye.

Sababu ya kwanza ni muziki wenyewe. Taarabu ya Unguja ilitegemea okestra kubwa zenye udi, kanuni na fidla, na hadhira iliketi ikasikiliza. Tanga, kwa upande wake, ulikuwa mji wa dansi, maskani ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Black Star walipunguza ala, wakatumia magitaa, kinanda na ngoma ndogo, wakaingiza mapigo ya dansi yenye asili ya Kuba. Taarabu ikawa ya kuchezeka. Lucky Star, waliojitenga na Black Star, waliendeleza mtindo huo kwa ushindani.

Sababu ya pili, na iliyo kuu, ni lugha. Mashairi yaliendelea kufuata vina na mizani, na mlengwa hakutajwa jina. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyeimba katika vikundi vyote viwili, anakumbukwa kwa umahiri wa kuwasilisha maneno ya aina hiyo. Mwanamke anayeinuka kumtunza mwimbaji ubeti fulani unapoimbwa huufanya ubeti huo kuwa kauli yake. Aliyemkosea huelewa, lakini hawezi kudai kuwa ametukanwa. Kwa kuwa fumbo halifungwi na ugomvi mmoja, kila kizazi hulitumia kwa mambo yake. Mipasho ya wazi ya miaka ya baadaye huchuja upesi zaidi, kwa sababu hutegemea ugomvi unaojulikana.

Hata hivyo, kupendwa si kuhifadhiwa. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa upya baadhi ya rekodi za vikundi hivyo katika albamu iitwayo *Nyota*. Sauti zimesalia, lakini santuri haielezi nani aliinuka kutunza, wala kwa nini. Shakila alifariki mwaka 2016, na mashuhuda wa kumbi zile wanazidi kupungua. Kumbukumbu zao zinastahili kuandikwa mapema, sambamba na kuhifadhi rekodi.