Gari la Dizeli na Ada Zake

Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Mombasa, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha gari dogo la petroli na kulijua kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake, alinunua mwaka jana gari jipya la dizeli, na miezi minne haijatimia akanijia siku moja baada ya sala ya Alasiri, uso umemsawijika, akaniambia: "Fundi, mwanangu, gari hili nimelitunza kama yai, silikimbizi, silipakii mzigo, silitoi nje ya kisiwa, na juu ya hayo limeniwashia taa ya manjano nisiyoijua." Nilimpa kiti na kahawa, nikamwuliza safari zake za kila siku ni za wapi, naye akanijibu kuwa ni kutoka Tudor hadi Mji wa Kale na kurudi, dakika kumi kwenda na kumi kuja. Jawabu, basi, lilikuwamo ndani ya malalamiko yake mwenyewe, kwa maana tunzo lile alilolidhania kuwa ni ihsani ndilo lililokuwa likiliudhi gari.

Wengi wanaohama kutoka petroli kwenda dizeli hudhani kuwa kinachobadilika ni bomba la kujazia mafuta tu, ilhali kwa hakika wamehama kutoka aina moja ya moto kwenda aina nyingine. Katika injini ya petroli hewa na mafuta huchanganyika kwanza, mchanganyiko huo hubanwa ndani ya silinda mara 9 hadi 11 hivi, kisha cheche ya plagi huuwasha. Injini ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa tupu, huibana mpaka ikabaki sehemu moja katika 15 au hata 18 ya ujazo wake wa asili, na hewa iliyobanwa namna hiyo hupata harara ipitayo nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo nozeli inapopuliza dizeli mithili ya ukungu, na ukungu ule, kwa kukutana na harara ile, ukawaka wenyewe. Aliyepata kujaza upepo baiskeli anaijua siri hii mkononi mwake, kwani pampu ikishindiliwa kwa nguvu huunguza vidole, na hakuna mtu aliyeipasha moto ila ile hewa iliyobanwa.

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliwaza jambo hili akiwa angali mwanafunzi mjini Munich, akaliombea hataza mwaka 1892, na baada ya majaribio mengi yaliyovunja vyuma na nusura kumvunja yeye mwenyewe, mwaka 1897 huko Augsburg injini yake ilipimwa mbele ya wataalamu, ikaonekana kuwa hugeuza zaidi ya robo ya harara ya mafuta kuwa kazi, katika zama ambazo mashine za mvuke zilipoteza takriban yote angani. Hiyo ndiyo sababu dizeli ikashika meli, garimoshi, malori, vinu vya kusagia mahindi na majahazi ya mashine ya pwani yetu, tangu zamani kabla haijafikiriwa kuwa chombo cha kumpeleka mwalimu sokoni. Gari dogo la abiria la dizeli lililoundwa kwa ajili ya kuuzwa halikuonekana hadi mwaka 1936, lilipotoka Mercedes-Benz 260 D, na aghalabu wateja wake wa mwanzo walikuwa madereva wa teksi, watu ambao injini yao haipoi tangu asubuhi hadi usiku. Nukta hii ya teksi naomba msomaji aiweke moyoni, kwa kuwa tutairudia.

Mwenye gari jipya la dizeli, asubuhi ya kwanza, hushtushwa na sauti. Injini hugongagonga, hususa ikiwa baridi, na mtu aliyezoea utulivu wa petroli huanza kutafuta fundi. Kugonga kule ni sauti ya mafuta yanayowaka kwa ghafla ndani ya hewa iliyoshindiliwa, na injini ikishapata joto hupungua. Kabla ya kupiga stati, funguo ikishafunguliwa, itaonekana katika dashibodi taa yenye umbo la waya uliosokotwa. Hiyo ni ishara kuwa hita plagi zinapasha joto vyumba vya moto, na adabu yake ni kuingoja izime. Huku pwani huzima kabla hujashusha pumzi, lakini ndugu zetu wa baridi ya Limuru huingoja kitambo. Injini ikishawaka, usiiache ikiunguruma uani robo saa kwa kudhani unaipasha joto: dizeli isiyo na mzigo hupata joto kwa uzito mno, na moto wa baridi ndio mama wa masizi. Ngoja nusu dakika hivi mpaka oili ifike juu, kisha ondoka taratibu, na upole huo uushike kwa kilomita tano za kwanza.

Njiani napo pana ugeni. Nguvu ya injini ya petroli huja mizunguko ikipanda, kwa hiyo dereva wake amezoea kuikanyaga mpaka ikalia. Nguvu ya dizeli hupatikana chini, baina ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika, na kuilazimisha ipande hadi 4,000 ni kuchoma mafuta pasipo faida. Basi gia hubadilishwa mapema, na mlima wa Mazeras hupandwa kwa sauti ya chini kama ya mtu avutaye kamba pole pole lakini haiachi. Walakini pana kosa la upande wa pili, nalo ni kuikaba injini kwa gia kubwa chini ya mizunguko 1,200 huku umekanyaga mafuta hadi sakafuni. Hapo mitetemo huumiza klachi na vyuma vya ndani, na moshi hutoka mweusi. Katika kilomita elfu moja na nusu za mwanzo, maadamu pistoni na ringi zake bado hazijakaa sawasawa, badili mwendo mara kwa mara, usivute mzigo mzito, na usiishinde injini wala kuidekeza.

Turbo pia hutaka kujuliwa hali. Ni kijigurudumu kinachosukumwa na moshi utokao, nacho husukuma hewa ya kuingia. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili pekee. Mtu aliyetoka safari ndefu ya mbio, akaegesha na kuzima papo hapo, huikatisha oili ile ilhali chuma kingali chekundu, na oili iliyobaki huungua ikawa makaa. Dakika moja ya subira yatosha.

Sasa nairudia taa ya manjano ya Mwalimu, kwani hapo ndipo gari la dizeli la zama hizi linapoachana kabisa na lile la baba zetu. Chini yake, katika njia ya moshi, mna kichujio cha masizi, kitu cha kauri chenye vitundu vingi mithili ya sega la nyuki, vilivyozibwa upande huu na upande ule kwa zamu ili moshi ulazimike kupenya ukuta na kuyaacha masizi nyuma. Kichujio hicho lazima kijae. Hilo si ugonjwa. Dawa yake ni moto: masizi huungua yakawa gesi kwenye nyuzi kama 600, na ikiwa gari linakwenda mwendo mzuri wa barabara kuu, kompyuta yake huongeza mafuta kidogo kwa kuchelewa ili moshi upate harara hiyo, na kwa muda wa dakika kumi hadi ishirini kichujio hujisafisha bila dereva kujua, isipokuwa mwenye sikio jepesi atakayeona mizunguko imepanda kidogo wakati gari limesimama, au feni ikiendelea kuvuma baada ya kuzimwa.

Ama gari la dakika kumi kwenda na kumi kuja, moshi wake haufiki hata nusu ya harara hiyo. Kompyuta huanza kazi, Mwalimu akafika dukani akazima. Jioni ikaanza tena, naye akafika nyumbani akazima. Masizi hubaki, na baya zaidi ni kuwa yale mafuta yaliyoongezwa kwa kuchelewa, yakikosa kuungua, hupenya kando ya pistoni yakashukia katika oili ya injini. Ndiyo maana mwenye gari la dizeli akipima oili akaikuta imepanda juu ya alama asifurahi. Oili haizaliani, na kilichoongezeka ni dizeli, ambayo huifanya oili kuwa nyepesi ikashindwa kulinda vyuma. Oili yenyewe, fauka ya hayo, sharti iwe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, yenye majivu machache, kwa kuwa masizi huungua lakini majivu hayaungui, na kila tone la oili isiyofaa huacha ndani ya kauri kitu kisichotoka tena. Wale madereva wa teksi wa 1936 hawakuwa na kichujio cha namna hii, lakini kazi yao ingekifaa vyema, maana injini ya dizeli hustawi kwa kazi ndefu.

Wapo mafundi watakaokuambia suluhisho ni kukikata kichujio na kuchomelea bomba tupu mahali pake. Nalisema neno hili kwa uchungu, kwa sababu ni wenzangu wa kazi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikata shauri kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu, na yale masizi madogo yasiyoonekana kwa jicho ndiyo yanayoshuka hadi mwisho wa pafu. Mwenye gari huondoka na moshi wake nyuma. Anayeuvuta ni mama auzaye viazi karai kandokando ya barabara, na mtoto wa chuoni anayengoja kuvuka. Kuokoa pesa kwa namna hiyo ni kumbebesha mwingine gharama mwilini mwake pasipo kumwuliza, na mimi siifanyi kazi hiyo kwa malipo yoyote.

Kuhusu mafuta yenyewe, hali yetu ni afadhali kuliko zamani. Kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kusafisha mafuta mwaka 1963, kiliacha kazi hiyo 2013, na mwaka 2015 kipimo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikataza salfa kuzidi sehemu 50 katika milioni, jambo ambalo bila yake vichujio hivi visingedumu kwetu. Adui aliyebaki ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yakitiwa ndani ya dizeli huondoa ule utelezi unaoilinda pampu, nayo pampu ya siku hizi husukuma mafuta kwa kani ipitayo mara elfu moja na mia tano ya kani ya hewa tunayoivuta, tena hailainishwi na kitu kingine ila dizeli yenyewe. Serikali ya Kenya iliweka Septemba 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi hila hiyo isiwe na faida. Juu ya hivyo, chagua vituo viwili au vitatu vyenye wateja wengi, ushikamane navyo. Na kwa kuwa pwani yetu ni ya unyevu, usilaze tangi nusu kwa majuma, maana hewa iliyomo hutoa jasho, na maji hayo hukusanyika chini ya filta ya dizeli. Fundi ayatoe kila gari lifikapo kwa huduma.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote hutokea katika sekunde chache za mazoea. Mtu aliyeagiza petroli miaka ishirini, ulimi wake huagiza petroli. Mwambie mjazaji "dizeli" kabla hajafungua kifuniko, umwone akishika bomba, na likitokea kosa usiiwashe injini, wala funguo usiizungushe hata nusu, kwani pampu ya tangi huamka mara hiyo na kuipeleka petroli mbele. Gari lisukumwe kando, tangi likaushwe, na hasara itakuwa ni ya mafuta tu. Likishawashwa likaenda kilomita mbili, gharama huweza kufika bei ya gari dogo.

Mwalimu nilimshauri asilipeleke gari popote kwa fundi, bali alipeleke safari. Kesho yake alfajiri alitoka kwa njia ya Voi, akayapita malori ya Miritini, akashika mwendo wa kilomita 80 bila kuuachia, na kabla hajafika Samburu taa ilizimika. Akanipigia simu kutoka huko kwa furaha ya mtu aliyepona homa. Tangu hapo, kila Jumamosi ya pili humpitia dada yake Mazeras, wakaenda hadi Mackinnon Road, karibu kilomita 100 kutoka kisiwani, wakasali Adhuhuri katika msikiti ule wa kando ya njia ambao wasafiri hawaupiti bila kusimama. Na anapoegesha pale chini ya mti huiacha injini ikiunguruma polepole dakika nzima, huku akitafuta kofia yake, ndipo akaizima.