Sauti za Wasikilizaji na Mzigo wa Tafsiri: Mwanagenzi wa Mitandao Lodwar na Kakuma

Katika vituo vingi vya redio, kijana anayeanza kazi hukabidhiwa kwanza mitandao ya kijamii. Hupewa simu ya kituo, huagizwa kutangaza vipindi, kuwajibu wasikilizaji, na kuyachuja maoni yao kabla hayajamfikia mtangazaji. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa nyepesi, na habari zenyewe huachiwa wenye uzoefu. Mpango huu huenda ukafaa mahali ambapo mtangazaji na wasikilizaji wake wana lugha moja. Katika jimbo la Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, haufai hata kidogo. Kwa maana huko mwenye kuyachuja maoni ndiye mfasiri wa kwanza wa habari, na mara nyingi ndiye wa mwisho.

Desturi ya kumshirikisha msomaji au msikilizaji si ngeni katika Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji wake, na baadaye kadi za salamu ziliwazoeza wasikilizaji wa Kenya na Tanzania kuyasikia majina yao redioni. Lakini barua na kadi zilikuwa zimekwisha kupita katika mkono wa mtu ajuaye kuandika, na kwa kawaida katika Kiswahili, kabla ya kufika studio. Simu imeiondoa hatua hiyo. Mfugaji asiyejua kusoma aweza leo kuituma sauti yake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, na hatua iliyoondolewa upande wake imehamia kwa mwanagenzi.

Lodwar, makao makuu ya jimbo, ina Redio Akicha ya Dayosisi ya Kanisa Katoliki. Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka hapo, ina Ata Nayeche, redio yenye jina linalomkumbusha mtu bibi Nayece, anayetajwa katika masimulizi ya chimbuko la Waturkana. Kando ya mji wa Kakuma iko kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na karibu nayo makazi ya Kalobeyei yaliyoanza mwaka 2016. Kwa hiyo ujumbe unaofika katika simu moja huweza kuwa wa Kiturkana, Kisomali, Kidinka, Kiarabu cha Juba, Kirundi, au Kiswahili cha Kongo, ambacho Mkenya hudhani anakifahamu mpaka atakapotakiwa kukiandika.

Shida ya kwanza ni ya maandishi. Katika Kiturkana, kama Gerrit Dimmendaal alivyoonyesha katika sarufi yake ya mwaka 1983, kitenzi hutangulia na nomino hufuata, nayo toni huonyesha kama nomino hiyo ni kiima au shamirisho. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni. Mtu akiandika kitenzi chenye maana ya kushambulia, kikifuatwa na jina moja tu la watu, msomaji aweza kubaki na shaka kama waliotajwa ndio walioshambulia au ndio walioshambuliwa. Katika habari za wizi wa mifugo kusini mwa Turkana, mpakani na Wapokot, shaka hiyo si ya sarufi peke yake. Mzungumzaji aliyetuma sauti hana shaka hiyo. Toni yake imo. Inampasa basi mwanagenzi aisikilize sauti, wala asitosheke na ufupisho ulioandikwa na mwingine, na asiifute baada ya kuiandika kwa Kiswahili. Desturi ya kufuta ili simu isijae ni ndogo kwa sura, lakini huondoa ushahidi pekee wa kilichosemwa.

Shida ya pili ni ya maana, nayo ni nzito zaidi. Neno la Kiturkana emoit, ambalo wingi wake ni ngimoe, hutumiwa kwa mgeni asiye wa jamii na vilevile kwa adui. Uchukuliwe mfano wa mzee anayelalamika kwa sauti kwamba ngimoe wanateka maji kabla ya wenyeji. Mwanagenzi akiandika "maadui", amewasha moto ambao pengine mzee hakuukusudia. Akiandika "wageni", ameufunika uchungu ambao huenda mzee aliukusudia hasa. Akiandika "wakimbizi", ameingiza neno la sheria lenye mipaka yake, ilhali mzee huenda alikuwa akiwasema wafanyabiashara wa kutoka kusini au watumishi wa mashirika. Hakuna kamusi itakayoamua hapa. Linalowezekana ni kumpigia mzee simu na kumwuliza anawasema akina nani, jambo linalotaka dakika kumi ambazo mhariri hupenda kumnyima mwanagenzi.

Kiswahili chenyewe hakina usalama. Kwa Mkenya, posho ni unga wa mahindi au mgawo wa chakula. Kwa Mganda ni ugali uliokwisha kupikwa. Kwa Mtanzania ni fedha anazopewa mtu nje ya mshahara. Kambini watu wa mataifa haya na mengine hukutana, na mkimbizi anayefanyia shirika kazi hulipwa malipo madogo yasiyoitwa mshahara. Kuanzia mwaka 2015 mpango wa Bamba Chakula uliwafanya wengi wapokee sehemu ya msaada kwa simu, si kwa gunia, na hapo chakula na fedha vikazidi kukaribiana katika usemi. Mwaka 2025, misaada ilipopungua na mgawo ukakatwa, watu waliandamana Kakuma. Katika siku za namna hiyo maneno "posho imekatwa" ni habari tatu mbalimbali, na mwenye kuchagua moja ni kijana wa mwezi wa pili kazini.

Gazeti la KANERE, lililoanzishwa na wakimbizi wa Kakuma mwaka 2008 na kusambazwa kwa intaneti, lilichagua njia nyingine: Kiingereza. Waandishi wake walitoka nchi kadhaa, na lugha hiyo iliwawezesha kusikika kwa wenye kuamua mambo ya kambi walioko Nairobi na Geneva. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri. Hata hivyo jirani asiyesoma Kiingereza alibaki kuwa mada ya habari zaidi ya kuwa hadhira yake.

Hapa istilahi yenyewe yafaa kuangaliwa. Watu wa mitandao husema "wafuasi", neno ambalo katika Kiswahili huhitaji kiongozi, dini au chama. "Hadhira", kwa asili yake ya Kiarabu, ni watu waliopo. Watu kumi wanaosikiliza redio moja chini ya mti ni hadhira bila mmoja wao kuwa mfuasi, na kijana anayepimwa kwa idadi ya wafuasi hufundishwa kuwasahau.

Orodha ya maneno kama emoit na posho, ikiambatana na sauti zilizorekodiwa na maelezo ya wenyeji na wakimbizi kwa pamoja, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa idara za lugha. Haihitaji kuzidi kurasa kumi, na mahali pake ni mezani, pale simu ya kituo inapochajiwa.